Maziwa Hayafiki Mapafuni

Eneo la Gerezani, Dar es Salaam, yapata saa tano asubuhi. Nilikuwa nimepeleka bawaba ya geti iliyokatika, nikamkuta fundi amechuchumaa juu ya bomba la galvanaizi, miwani nyeusi usoni, na kando ya mguu wake paketi ya maziwa iliyotobolewa kona. Kila akimaliza kuunga kipande alipiga funda moja. Moshi uliokuwa ukipanda pale ulikuwa mweupe, mzito, wenye utamu fulani wa chuma unaoganda kwenye ulimi. Nikakohoa mara mbili. Fundi akacheka, akaninyooshea paketi.

"Kunywa kidogo kaka, yanasafisha kifua."

Imani hiyo nimeikuta kwa wachomeleaji, kwa wapiga rangi za magari, kwa vibarua wa saruji. Wapo waajiri wanaogawa maziwa kila siku, wakaona deni lao la kulinda afya ya wafanyakazi limelipwa. Sina ugomvi na maziwa. Ugomvi wangu ni wa njia. Maziwa yanashuka kwenye umio yanaingia tumboni. Moshi unashuka kwenye bomba la hewa unaingia mapafuni. Njia hizo zinaachana kooni, na huko chini hakuna kichochoro cha kuyapitisha maziwa yakausafishe upande wa pili. Fundi angeweza kunywa ndoo nzima.

Nilimuuliza kama huwa anashikwa na homa usiku baada ya kuunga galvanaizi. Akashangaa nimejuaje. Zinki iliyopakwa juu ya bomba haihimili moto wa kuchomelea. Inageuka mvuke, mvuke unakuwa vumbi laini jeupe, na saa chache baada ya kulivuta mtu anaanza kutetemeka, kutokwa jasho na kuumwa viungo. Kesho yake au keshokutwa imekwisha. Wanaoifanya kazi hii kila siku mwili huzoea kidogo katikati ya wiki, ukapumzika Jumapili, na Jumatatu homa ikarudi upya. Ni rahisi mno kuidhania malaria. Yeye alikuwa anameza dawa ya mseto na "inapona." Ingepona hata angemeza karanga.

Kwake nilikuwa na mambo mawili tu: parua zinki mahali unapotaka kuunga kabla ya kuwasha mashine, na kaa upepo ukupite ubavuni, si moshi ukupande usoni. La kwanza alisema linachelewesha kazi. La pili alilijaribu hapohapo.

Nimeanza na maziwa kwa sababu ndani yake mna kosa ambalo tunalifanya sote, wenye elimu na wasio nayo, viwandani na majumbani: kudhani kwamba mwili una mlango mmoja. Kitu kikiwa salama kuliwa tunaona ni salama kuvutwa. Kikiwa salama kupakwa tunaona hata hewani hakina neno. Sivyo. Ngozi imeumbwa kuzuia. Tumbo lina asidi yake, na nyuma ya tumbo lipo ini, ambalo kazi yake ni kuchambua kila kinachopita. Mapafu yameumbwa kuruhusu. Yana mamia ya mamilioni ya vifuko vya hewa, na ukuta unaotenganisha hewa na damu ni mwembamba kiasi kwamba unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuupita mara hamsini na zaidi. Ukivitandaza vifuko hivyo vingefunika sakafu ya nyumba ndogo. Oksijeni inapita pale bila kubisha hodi, na kemikali nazo hivyohivyo.

Historia ya utafiti wa jambo hili imejaa vitu vya jikoni na vya kujipodoa. Chukua bisi. Huko Jasper, katika jimbo la Missouri, Marekani, kulikuwa na kiwanda cha kufungasha bisi za kupikwa kwenye maikrowevu. Mwezi Mei 2000 daktari wa magonjwa ya kazini aliiarifu idara ya afya ya jimbo kwamba wafanyakazi 8 waliowahi kuajiriwa pale walikuwa na ugonjwa adimu: vijia vidogo kabisa vya hewa vilikuwa vimejaa makovu hadi kuziba. Wengine walikuwa wanasubiri kupandikizwa mapafu. Kabla ya hapo walikuwa wameambiwa ni pumu, ni sigara, ni nimonia. Wachunguzi wa serikali walipofika wakaona kwamba walioumia zaidi ni wale wa chumba cha kuchanganyia, ambako ladha ya siagi ilimiminwa kwenye mafuta ya moto, na harufu tamu ikajaa chumba. Ndani ya ladha ile mlikuwa na diasetili. Diasetili imo hata kwenye siagi ya kawaida, na kuila kuliruhusiwa kisheria. Wakati wale watu wanaajiriwa hakukuwa na kiwango chochote cha kisheria cha kuivuta.

Korea Kusini kisa chao kinauma zaidi, maana kilitokea vyumbani mwa watoto. Kuanzia 1994 kulikuwa na dawa madukani ya kutiwa kwenye maji ya kile kifaa kinachopuliza ukungu ili hewa ya baridi isikaushe pua. Dawa ilizuia kuvu na bakteria, na kemikali zake zilikuwa zimekubalika kwenye usafi wa vitu. Mwaka 2011 madaktari wa Seoul walianza kupokea wajawazito na wazazi wapya ambao mapafu yao yalikuwa yanakakamaa bila sababu inayoeleweka. Haikuwa virusi. Walipoulizwa maisha yao ya nyumbani, kifaa kile kikajitokeza tena na tena. Dawa iliondolewa sokoni mwaka huohuo, baada ya miaka 17. Wengi walikuwa wamekufa, wakiwemo watoto wadogo ambao wazazi wao waliwasha kifaa wenyewe, karibu na kitanda, kwa mapenzi.

Ndipo tunafika kwenye vepu.

Vepu, kwa msomaji ambaye hajaishika mkononi, ni kifaa cha betri chenye waya unaopata moto na kimiminika kinachochemshwa na waya huo. Kimiminika kwa kawaida ni gliserini na propilini glaikoli, nikotini, na ladha: embe, mnanaa, ndizi, keki. Kinachotoka wanakiita mvuke, jina linalopendeza kwa sababu linakumbusha sufuria ya chai. Si mvuke wa maji. Ni matone laini sana ya kemikali zilizopashwa moto, na moto ukizidi gliserini na mwenzake huvunjika na kutoa vitu vikali kama fomaldihaidi na akrolini, ambavyo havikuwepo kwenye chupa. Ukisoma kilichoandikwa kwenye lebo, umesoma habari za kitu kabla hakijapikwa.

Kiangazi cha 2019, hospitali ya watoto huko Milwaukee, jimbo la Wisconsin, ilipokea katika wiki chache vijana kadhaa ambao walikuwa na afya njema siku za nyuma, sasa wanahema kama waliotoka mbio, mapafu yote mawili meupe kwenye picha. Wengine walikuwa wamekuja kwanza kwa kutapika na kuharisha. Vipimo vya maambukizi havikuonyesha kitu. Kilichofungua kesi hii mwanzoni kilikuwa swali: madaktari waliwauliza wanavuta nini, na jibu likawa lilelile. Mwezi Julai wakatoa taarifa kwa wakuu wa afya, na jimbo jirani la Illinois likasema na sisi tunao. Kufikia Februari 2020 waliolazwa au kufa nchini Marekani walikuwa wamehesabiwa 2,807, na waliokufa walikuwa 68. Nusu ya waliolazwa walikuwa na miaka 24 au chini ya hapo.

Watafiti walichukua majimaji kutoka ndani ya mapafu ya wagonjwa 51 wa majimbo 16. Kwa wagonjwa 48 walikuta kitu kimoja: asiteti ya vitamini E. Kwa watu 99 wenye afya waliopimwa kwa kulinganisha, wakiwemo wavutaji wa vepu, hakuna hata mmoja aliyekuwa nayo. Vitamini E, ile ile iliyo kwenye losheni na vidonge vya lishe! Wauzaji wa magendo waliokuwa wakiuza mafuta ya bangi kwa ajili ya vepu waliichanganya humo kwa sababu ni nzito na rangi yake inafanana. Mteja akiinamisha chupa anaona mafuta yanatiririka polepole, anajua amepata kitu chenye nguvu. Wengi wa wagonjwa walikiri kuvuta mafuta hayo ya bangi, na mengi yalinunuliwa kwa marafiki au mitaani. Kwenye ngozi vitamini hiyo inalainisha. Kwenye vifuko vya hewa inavuruga ule utando wa mafuta maalumu unaovifanya visibanane, na wataalamu wa kemia wameonyesha kwamba ikipata moto wa vepu inaweza kutoa gesi yenye sumu kali iitwayo ketini.

Hapa lazima niseme ukweli wote, maana ushauri wa kutisha huishia kudharauliwa. Ugonjwa ule wa 2019 haukusababishwa na kila vepu. Na mtu mzima aliyekuwa akivuta sigara paketi kwa siku, akaziacha kabisa akahamia vepu ya nikotini iliyokaguliwa, amepunguza sumu nyingi; Uingereza madaktari wanawasaidia wavutaji kwa njia hiyo. Uingereza hiyohiyo imekataza diasetili kwenye vimiminika hivyo. Lakini neno "iliyokaguliwa" ndilo linalobeba mzigo wote. Uganda, kwa sheria yake ya tumbaku ya 2015, ilipiga marufuku uuzaji wa sigara za kielektroniki na shisha kabisa. Kwingineko kwetu vitu hivi vinapita kwenye maduka ya vipodozi, kwenye simu, kwenye mkoba wa rafiki aliyetoka safari. Na kijana ambaye hakuwahi kuvuta sigara hana alichopunguza; amejiongezea tu, pamoja na nikotini inayomfunga kwa haraka kuliko anavyotarajia.

Narudi nyumbani, maana huko ndiko wengi wetu tunakovuta kemikali bila kununua kifaa chochote. Mimi mwenyewe niliwahi kutarajia wageni, nikataka choo king'ae. Nikamwaga jiki, nikaona haitoshi, nikaongeza ile asidi ya masinki juu yake, nikafunga mlango ili "ifanye kazi." Nilipoingia kupiga brashi nilitoka kwa magoti. Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia, hata ya mkojo uliolala chooni, inatoa gesi nyingine za jamii hiyo. Nilikohoa siku tatu, na wageni walihudumiwa na mke wangu ambaye hakunisemesha sana. Basi tumia kimoja, suuza kwa maji mengi, na kama ni lazima kutumia cha pili, kiwe siku nyingine. Mlango wazi.

Ikikukuta, toka. Usirudi kuchukua ndoo wala simu. Vua nguo iliyomwagikiwa, osha macho kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 kwa saa yako, si kwa kukisia, kisha kaa wima penye hewa. Usijifukize. Usipewe maziwa. Kifua kikibana, ukipiga miluzi unapopumua, au ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, hiyo ni safari ya hospitali na si ya duka la dawa.

Jambo moja hapa linahitaji kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu limewaua watu waliojiona wamepona. Amonia inakufukuza. Inayeyuka haraka kwenye unyevu wa macho na pua, inachoma papo hapo, unakimbia. Zipo gesi zisizo na adabu hiyo. Dioksidi ya nitrojeni, inayoweza kutokea mtu akichomelea ndani ya tangi au chumba kisicho na hewa, haichomi sana puani. Inateremka taratibu mpaka chini. Mtu anakohoa kidogo, anarudi nyumbani, anakula, anaoga. Saa kadhaa baadaye, pengine usiku wa manane, mapafu yanaanza kujaa maji. Kwa hiyo aliyevuta moshi wa kemikali mahali palipofungika asilale peke yake usiku ule, asibebe mizigo, asiende kucheza mpira kujaribu kama yuko sawa. Apumzike na mtu amwangalie walau saa 24. Na wiki mbili tatu baadaye, akianza upya kukohoa na kuishiwa pumzi, arudi hospitali akasimulie tukio lile la kwanza, hata kama analiona limepitwa na wakati.

Wapiga rangi wa gereji nao wananipa wasiwasi, hasa wanaotumia rangi ya kuchanganya na kigumishi. Kigumishi kina isosayaneti, na mwili ukishaikataa mara moja, kidogo tu baadaye kinaleta pumu. Kitambaa puani hakisaidii. Barakoa ya buluu ya hospitali hali kadhalika. Gesi inapita hapo kama mbu kwenye neti iliyochanika. Kinachohitajika ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, inayobana uso sawasawa. Ni ghali, najua. Mwajiri anayeweza kununua maziwa ya mwaka mzima anaweza kuinunua.

Vijijini kuna vidonge vya kuhifadhia mahindi. Kidonge kikipata unyevu wa hewa kinatoa fosfini, gesi inayoua fukusi na inayoua mtu vilevile. Familia inaweka magunia chumbani kwa kuogopa wezi, inatia vidonge, inafunga dirisha na kulala. Usifanye hivyo hata usiku mmoja. Kama mahindi hayana budi kukaa ndani ya nyumba, ipo mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Wadudu wanakufa kwa kukosa pumzi wenyewe, bila dawa yoyote.

Na mafuta ya taa, ambayo bado tunayatia kwenye chupa za soda. Mtoto akiyanywa, bibi hukimbilia maziwa, au kidole kooni ili atapike. Yote mawili ni hatari. Mafuta ya taa ni mepesi, yanateleza. Yakiwa tumboni madhara yake si makubwa kama yakipanda na tapishi yakageukia njia ya hewa. Matone machache yanatosha kuunguza mapafu ya mtoto. Maziwa yanajaza tumbo na kuita kutapika. Mbebe akiwa wima, mpeleke hospitali, na ibebe ile chupa. Kwa sababu hiyohiyo acheni kumdondoshea mtoto mchanga samli au mafuta puani anapopata mafua. Madaktari wa Bara Arabu na India wameandika habari za watoto waliopata nimonia ya mafuta kwa njia hiyo, mafuta safi ya kula, yaliyokosea mlango.

Nimesema ubebe chupa. Ni ushauri ninaoutilia mkazo kuliko mwingine wowote, maana mapafu yaliyoungua na mapafu yenye nimonia yanaweza kufanana kwenye picha, na daktari asiyejua ulivuta nini atatibu anachokijua. Piga picha lebo. Kumbuka saa. Taja kazi unayofanya, siyo "biashara" bali kazi yenyewe: nachomelea, napiga rangi, nasafisha vyoo vya hoteli. Kuhusu vepu, swali la kawaida pale mapokezi ni "unavuta sigara?" na kijana wa vepu anajibu hapana bila kudanganya. Mzazi, wewe uliza vingine. Uliza "unavuta nini," kwa sauti ileile ya kuuliza "umekula nini," kisha nyamaza. Ukianza na kofi hutapata jibu, na jibu hilo siku moja daktari atalihitaji.

Mimi nililipata kwa mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana na anakaa kwetu. Mke wangu alipekua mifuko ya suruali kabla ya kufua, akatoa kitu cha plastiki cha rangi ya chungwa, kidogo kama kalamu nene, kinachonukia kama juisi. Tulikiweka mezani. Jioni alipokiona aliketi bila kuambiwa.

"Ni mvuke tu, mjomba."

Nikamwambia sikatai, ila anieleze mvuke wa nini. Amekinunua wapi? Kwa jamaa, kule tunakochezea mpira. Jamaa alikitoa wapi? Hajui. Unakohoa asubuhi? Kimya kidogo, halafu ndiyo, kidogo. Nikamsogezea kile kifaa nikamwomba anisomee kilichomo ndani. Alikigeuza upande huu na upande ule chini ya taa, akatazama kitakoni, akakwangua kwa ukucha mahali palipokuwa na stika. Kulikuwa na picha ya embe.